Nati Mfukoni mwa Akeza

Akeza alikuwa amezoea kupika uji wa mtu mmoja. Na uji wa mtu mmoja, jamani, una taabu kuliko uji wa harusi: ukiweka unga kidogo unaungua, ukiongeza unabaki. Kila asubuhi alichota maji bombani, akafagia mbele ya nyumba yao ya matofali hapo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akanywa uji wake amesimama, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda shule. Aliporudi alikuta kila kitu pale pale alipokiacha. Kikombe hakikuwa kimesogezwa na mtu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mama yao alifariki Akeza akiwa bado mdogo, na baba yao walipotezana naye walipokimbia Burundi. Walibaki wawili tu, yeye na kaka yake Hubert. Hubert alikuwa akishusha mizigo katika duka moja la jumla huko Old Town, Lilongwe, na alipanga chumba katika mtaa wa Chinsapo. Alirudi kambini mara moja kwa mwezi. Alileta unga, mafuta na sabuni, akalala kama gogo, na kulipokucha akaondoka. Rafiki mmoja aliyekuwa akimsindikiza Akeza kutoka shule, Gabriella, alikuwa ameshahamia ng'ambo na wazazi wake. Basi Akeza alikuwa akirudi peke yake, akiongea na nafsi yake, na wakati mwingine hata nafsi ilichoka kujibu.

Ijumaa moja jioni, kelele za watoto zilimtoa ndani. Lo! Hubert alikuwa anaingia na pikipiki kubwa nyekundu, ya yale mashindano ya kasi, iliyochakaa rangi lakini ingali na sauti nzito. Alikuwa amejaa tabasamu mpaka alipotaka kusimama. Miguu haikufika chini. Hubert hakujaliwa urefu, na kiti cha pikipiki ile kilikuwa juu, nyuma yake imeinuka kuliko mbele. Alinyoosha vidole vya mguu wa kushoto, akavinyoosha vya kulia, pikipiki ikayumba huku na huku.

"Anacheza ngoma!" watoto walipiga kelele. "Hubert, chini kuko mbali?"

Aliyemwokoa ni fundi Minani, jirani yao, ambaye alikuwa akitengeneza pikipiki za kabaza, zile zinazobeba abiria. Minani alikuwa Mrundi aliyekulia Uvira, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Aliishika pikipiki kwa nyuma, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii piki ilitengenezewa bantu barefu," alisema. "Leta kesho asubuhi, tutaishusha."

Jumamosi ile Akeza aliamka na furaha. Siku nzima pamoja na kaka! Alibeba kigoda, akakaa karibu kabisa na mahali pa kazi. Minani alimpa mfuniko wa sufuria. "We utakuwa mlinzi wa nati," alimwambia. "Kila nati nitakayofungua, panga humu. Piki haina kitu kidogo."

Minani alimwonyesha vyuma viwili vifupi vilivyounganisha shokapu na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. "Angalia, mwanangu. Nikiweka vyuma virefu kidogo, nyuma inashuka. Nikiweka vifupi, inapanda." Alikuwa ameshakata vyuma vipya, virefu zaidi ya vile vya zamani kwa upana wa kidole. Alipitisha bolti bila kufunga nati, apate kujaribu kimo kwanza. Hubert akapanda. Safari hii nyayo zake zilikanyaga ardhi.

"Imekwisha!" Hubert akasema.

"Haraka ya nini?" Minani akamjibu. "Isimamishe na stendi yake."

Hubert akaisimamisha. Pikipiki ikakaa wima mno, na mpira wa watoto ulipoigonga kidogo tu, ikaelemea upande wa pili. Hubert aliidaka kwa kifua huku akipiga yowe, na kicheko kikatoka mpaka kwa majirani. Hata Akeza alicheka, kicheko cha kweli ambacho hakukumbuka mara ya mwisho alikitoa lini.

"Unaona? Nyuma imeshuka, stendi haijashuka," Minani alisema. "Na mbele nako pua imeinuka. Ukienda hivyo, utapinda kona, piki itasema mi ninaenda moja kwa moja. Ukigusa nyuma umegusa vyote, ndugu yangu." Akaifupisha stendi, akailegeza mikono ya mbele na kuishusha mbele ilingane na nyuma, akaukagua mnyororo usikaze wala usilegee.

Kazi ilikuwa inakaribia mwisho. Hubert alijinyoosha, akatazama jua. "Vizuri. Nikitoka saa tisa nitafika Lilongwe mapema. Kesho alfajiri kuna lori la sukari, nisipokuwepo watamweka mtu mwingine."

Akeza aliinua kichwa. "Unaondoka leo leo?"

"Leo, mdogo wangu. Kazi haingoji."

Akeza alitazama mfuniko uliokuwa magotini pake. Kulikuwa na nati moja iliyo tofauti na nyingine, ile ya bolti kubwa ya vile vyuma vya nyuma. Ndani yake ilikuwa na mkanda wa plastiki wa buluu. Asubuhi Minani alimweleza kwamba plastiki ile huibana nati isifunguke pikipiki inapotetemeka. Bila nati hii, pikipiki haiendi. Na pikipiki isipoenda, Hubert haendi. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mkono wake uliifumbata nati, ukaingia mfukoni mwa sketi, ukatoka mtupu.

Punde Minani alimnyooshea mkono. "Nati ya buluu."

"Haipo," Akeza akasema.

Walitafuta. Hubert alitambaa mchangani, akafagia kwa viganja, akainua magunia. Akeza naye aliinama akijifanya anatafuta, na uso wake ulikuwa unawaka. "Nati haina miguu," Minani alinung'unika. Alimwangalia Akeza, akaendelea kutafuta.

Basi Akeza akangoja kusikia Hubert akisema, haya, nitalala. Hakusema hivyo. Alisema, "Papa Minani, hakuna nyingine yoyote?"

Minani alipekua kopo lake la vyuma vya kabaza mbovu, akatoa nati moja. Akaijaribu. "Inaingia, lakini inacheza. Haina plastiki. Mi sipendi hii, Hubert. Ngoja Jumatatu."

"Jumatatu sitakuwa na kazi! Ifunge, nitaenda polepole. Old Town nati ziko tele, nitanunua kesho."

Walibishana, na mwisho Minani akakubali kwa shingo upande. Aliikaza kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa. "Bolti hii njo inabeba nyuma yote. Ikitoka, kiti kinakaa juu ya tairi, na we unarushwa. Ukisikia nyuma inagonga, simama hapo hapo." Hubert akaitikia, akamgusa Akeza kichwani, akaondoka. Vumbi lilitua, watoto wakarudi kwenye mpira wao.

Akeza aliingia ndani, akakaa kitandani. Nyumba ilikuwa kimya kuliko siku zote. Aliitoa nati, akaiweka kiganjani. Angeweza kuitupa chooni na hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kiyama. Lakini maneno ya Minani yalikuwa yanamzunguka kichwani: na we unarushwa. Alimwona Hubert amelala kando ya barabara. Alijiona yeye mwenyewe akifungua mlango wa nyumba ile ile, kila siku, maisha yake yote, akijua hakuna tena anayekuja mwisho wa mwezi. Aibu ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Akatoka mbio.

Minani alikuwa ananawa mikono, mke wake Vénérande akimmiminia maji. Akeza alifika, akafungua kiganja, nati ya buluu ikaonekana.

"Mungu wangu," Vénérande alisema, na birika likabaki limeinama hewani.

Minani hakupiga kelele. Alichukua simu, akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vile vile. "Anaendesha, hasikii," alisema, na tayari alikuwa anaokota spana. Aliazima pikipiki ya kabaza ya jirani, akampandisha Akeza nyuma yake, wakaondoka.

Akeza aliomba njia nzima. Aliomba kwa Kirundi, kama mama alivyomfundisha, na kila walipokata kona alifumba macho asije akaona kitu chekundu kimelala majanini.

Walimkuta kwenye njia panda ya barabara kuu. Amesimama! Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, akichungulia chini ya kiti. "Papa Minani? Mmefuata nini? Nyuma imeanza kugonga, nikasimama kama ulivyosema."

Minani alilala chali barabarani, akanyoosha mkono. Hakutumia spana. Aliizungusha nati kwa vidole viwili, na ile nati ikaja yenyewe, ikadondoka kiganjani mwake. Hubert aliitazama, akajishika kichwa.

Akeza akamnyooshea Hubert nati ya buluu. "Nilikuwa nayo mimi. Niliificha."

"Uliificha?" Sauti ya Hubert ilipanda mpaka wauza maandazi wa kando ya barabara wakageuka. "Akeza! Ungeniua! Unanisikia? Ningekufa hapa!"

"Sikutaka ufe, kaka!" Akeza alilia. "Nilitaka ubaki. Siku moja tu. Sina mtu wa kuongea naye. Unakuja, unaleta unga, unalala, unaondoka. Sasa umenunua pikipiki ya kukuondoa haraka zaidi!"

Hubert akakaa chini, pale pale kwenye kokoto. "Ya kuniondoa?" alisema polepole. "Mdogo wangu, nilinunua hii piki niwe nakuja kila Jumamosi. Nauli ya lori na basi ilinishinda. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwanza nione kama inafaa, nisije nikakuahidi kitu halafu kikashindikana."

Kila Jumamosi. Akeza alikuwa amekaribia kuivunja njia ile ile ya kumrudisha kaka yake. Machozi yalimtoka upya, na Hubert akamvuta, akamkumbatia mbele ya wauza maandazi wote.

Minani aliwaacha. Alifunga nati ya buluu, akaikaza, akaikagua mara mbili, akafuta mikono kwa kitambaa. Ndipo akaja, akasimama mbele yao.

"Sasa mnisikilize, nyote wawili. Akeza, ulichofanya ni kibaya. Nati si yako, maisha ya mtu si ya kuchezea. Jumatatu ukitoka shule unakuja gereji, na kila siku, utanipangia nati zote mpaka nikuamini tena. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa Minani."

"Lakini umekuja mwenyewe kusema, hakuna mtu aliyekushika. Hiyo ilikuwa kazi ngumu, na umeifanya. Sasa iko neno lingine. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Upweke nao ni maradhi. Unaishi hatua chache kutoka mlango wangu, na hukuwahi kusema. Mi na Mama Vénérande tulidhani uko sawa, kwa sababu uko kimya na una adabu. Huzuni ikitoka mdomoni, bantu banaweza kukusaidia. Ukiificha, inatafuta pengine pa kutokea, na leo ilitokea kwenye nati." Akamgeukia Hubert. "Na we, unga si kila kitu. Jambo jema nalo liseme. Mtoto hawezi kula siri."

Hubert aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema. Akamshika dada yake mabega. "Jumamosi ijayo niko hapa. Kama lori litanizuia, nitampigia Papa Minani nikuambie mwenyewe, kwa sauti yangu. Sitanyamaza tena."

Akapanda. Nyayo zake zikakanyaga lami vizuri, zote mbili. Aliwasha, akaingia barabara kuu taratibu, nyuma ya pikipiki ikiwa imetulia. Akeza alisimama akimtazama mpaka wekundu ule ukamezwa na malori. Alibana midomo na kukaza uso, kama alivyozoea kila mwisho wa mwezi.

Minani alimwona. Aliinama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usijikaze, mwanangu. Kama ni kulia, lia. Hicho nacho ni kusema kweli."

Na Akeza akalia, pale kando ya barabara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa fundi, bila kumficha mtu yeyote machozi yake.