Mkanda Ukibana Kupita Kiasi

Nzilani alikuwa fundi wa kushona sare za shule katika duka dogo pale Kimbo, Ruiru. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango. Zamani wapita njia walimsalimu tu na kwenda zao. Tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza mwili, walimsalimu kisha wakamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sasa Nzilani! Kwani hukukatwa tumbo wewe? Mbona unarudi vile ulikuwa?"

"Sikukatwa tumbo. Niliwekewa mkanda."

"Na mkanda wenyewe umeenda wapi?"

Nzilani alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie lingine. Alikuwa amechoka kueleza. Alichoka hasa kwa sababu yeye mwenyewe hakuelewa.

Mwaka uliotangulia sukari ilimpanda, na magoti yakamuuma hata akashindwa kushona. Hapo ndipo madaktari wa hospitali moja mjini Thika wakamwekea mkanda laini kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo. Mkanda ule ulifanya kifuko kidogo pale juu. Chakula kidogo kikikijaza, mtu anashiba. Kutoka kwenye mkanda, mrija mwembamba ulipita hadi kwenye kidude kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Daktari alidunga sindano pale na kutia maji maalumu ya hospitali. Maji yakiongezwa, mkanda unakaza. Yakipunguzwa, unalegea.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Uzito ulishuka polepole. Lakini Nzilani hakutaka polepole. Harusi ya mdogo wake ilikuwa inakaribia.

"Daktari, ongeza maji tena kidogo," alisihi.

Daktari aliongeza kidogo, akamwonya. "Ukianza kutapika, au kukohoa ukilala, rudi hapa upesi. Usikae nayo nyumbani."

Harusi ikafika, ikapita. Kutapika nako kukaja. Githeri, mahindi na maharagwe, ilikwama. Chapati ilikwama. Hata yai la kuchemsha lilikwama, likarudi juu. Akilala, maji makali yalimpanda kooni na kumfanya akohoe. Hakurudi hospitalini. Alijiambia, "Hii ni dalili kwamba mkanda unafanya kazi. Nikienda watatoa maji, nami nitanenepa."

Basi akala vilivyokubali kupita. Chai yenye sukari nyingi. Biskuti zilizolowekwa. Aiskrimu. Soda iliyotolewa gesi. Na jambo lililomchoma roho kuliko yote ni hili: uzito ulianza kupanda. Anatapika kila siku, na bado sketi inambana!

Mume wake, Mwau, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Hakuwa mtu mbaya, lakini ulimi wake haukuwa na breki.

"Mimi sielewi," alisema jioni moja akitazama sahani ya mkewe. "Chakula hukuli, na mwili unaongezeka. Unakula wapi?"

"Unataka kusema nakula kwa siri?"

"Nimeuliza tu."

"Usiniulize! Kula chakula chako!"

Mwau akaendelea kula. Nzilani akaenda nje kutapika ndizi aliyoijaribu.

Jumapili moja walialikwa Murera, kwa mama yake Mwau. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Viola, jirani wa mama huyo, naye alikuwepo. Viola alikuwa nesi katika wodi ya upasuaji.

Mama mkwe aliweka sahani iliyojaa nyama mbele ya Nzilani.

"Kula, mwanangu. Watu wanasema wewe huli chakula changu."

Watu wanasema! Nzilani alihisi hasira ikimpanda. Leo angewanyamazisha wote. Alichukua nyama, akaitafuna mara chache, akameza. Akachukua nyingine.

Nyama ikasimama katikati ya kifua kama jiwe.

Akajaribu kumeza mate. Mate yakarudi mdomoni. Jasho likamtoka.

"Imekwama!" mama mkwe akapiga kelele. "Mwau, lete soda! Isukume hiyo nyama!"

Nzilani akanywa. Soda yote ikarudi na povu.

"Basi mpe ugali, ameze tonge kubwa," mjomba mmoja akashauri.

"Nitoe hayo maji ya mkanda kwa sindano?" akauliza binamu ya Mwau, aliyekuwa na duka la dawa. "Si ni kudunga tu?"

"Hapana! Mtu asimguse!" Viola alikuwa ameshasimama. "Msimpe kitu chochote tena. Si soda, si ugali, si maji. Nzilani, niangalie. Unapumua sawasawa?"

Nzilani akaitikia kwa kichwa.

"Mate yanapita?"

Akatikisa kichwa. Hayapiti.

"Umekuwa ukitapika hivi kwa muda gani?"

"Tangu harusi," Mwau akajibu kwa niaba yake.

"Harusi gani?"

"Ya mdogo wake."

"Ngai! Hiyo ni miezi! Na hamkurudi kliniki?" Viola alifunga leso yake kiunoni. "Mwau, tafuta gari. Tunaenda Thika sasa hivi, pale alipowekewa mkanda. Kidude hicho kina sindano yake maalumu na watu wake waliosomea. Ukidunga vibaya utatoboa mrija au uingize uchafu mwilini."

Binamu akakaa chini.

Hospitalini, daktari alisafisha ngozi ya tumbo, akapapasa mpaka akapata kile kidude, akadunga sindano nyembamba. Akavuta maji ya mkanda yote. Nzilani alihisi kitu kikilegea ndani. Baada ya muda mfupi, nyama ilishuka. Akapewa glasi ya maji, akanywa funda moja moja. Maji yakapita bila kupigana naye. Akalia.

Kisha alinyweshwa dawa nyeupe na kupigwa picha ya eksirei, ili daktari aone kama mkanda umehama. Haukuwa umehama.

"Una bahati," daktari alisema. "Kutapika sana kunaweza kusogeza mkanda. Tutaliacha tumbo lipumzike kwa wiki kadhaa, halafu tutarudisha maji kidogo kidogo."

Walipotoka, Nzilani akamgeukia Viola.

"Lakini nielezee. Mkanda ulikuwa umekaza kabisa. Kwa nini niliongezeka?"

"Wewe ni fundi," Viola alimwambia. "Mteja akija na sketi imembana hata hawezi kukaa, utamwambia sketi iko sawa?"

"Nitailegeza."

"Haya. Mkanda ukibana sana, chakula cha maana hakipiti. Nyama, mboga, githeri, vyote vinakwama. Vinavyoteleza ni vitu vitamu vya kunywa, na hivyo ndivyo vinanenepesha. Ukilegea sana nao, utakula sahani nzima na njaa irudi mara moja. Huko katikati ndiko unakotaka. Ndiyo maana unaitwa kliniki. Si adhabu, na si kwamba umeshindwa. Mwili unabadilika, mkanda lazima upimwe upya."

Mwau alikuwa akisikiliza na kofia mkononi.

"Kumbe hakuwa anakula kwa siri," akasema.

"Alikuwa na njaa, Mwau! Alikuwa na njaa siku zote!" Viola akamjibu.

Mwau akamshika mkewe mkono. Safari iliyofuata ya kliniki, aliacha mageti yake akampeleka mkewe yeye mwenyewe. Maji yakarudishwa kidogo. Baadaye yakaongezwa tena kidogo, na hapo Nzilani akapata kipimo chake. Alijifunza kukata chakula vipande vidogo, kutafuna mpaka kilainike, na kutokunywa huku akila. Kikohozi kikakoma. Sukari ikashuka, na sketi zake akazipunguza kiunoni kwa cherehani yake mwenyewe.

Pasaka walikwenda tena Murera. Nzilani alikula samaki na sukuma wiki taratibu, wengine wakamaliza kabla yake. Alipofika nusu ya sahani, akaweka kijiko chini.

"Ai! Umeshindwa tena?" mama mkwe akauliza. "Ngoja nikuongezee mchuzi."

"Sijashindwa, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Hicho kidogo?"

"Mama," Mwau akasema, "mwenye tumbo amesema ameshiba."

Nzilani akacheka. Kwa miezi mingi alikuwa amezuiwa kula, wala hakuwa ameshiba hata siku moja. Leo alijua tofauti yake. Akaifunika sahani, akaisukuma mbali.