Mkanda wa Begi la Mheshimiwa

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kidoti alikuwa akichukua kitambaa laini na kwenda kuifuta pikipiki mpya ya shangazi yake. Haikuwa pikipiki ya mizunguko ya mjini. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, yenye kioo kipana cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti cha nyuma chenye egemeo, ukikikalia utadhani uko sebuleni. Shangazi, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva, aliitamani kwa miaka mingi. Sasa alikuwa ameipata, na bado ilikuwa haijatoka nje ya mji.

Safari yake ya kwanza ilipangwa Jumamosi, kwenda kwa bibi, mwendo wa nusu siku. Baba yake Kidoti, ambaye ni seremala, angefuata nyuma na pikapu akimpelekea bibi kitanda kipya. Kiti cha nyuma cha pikipiki kilikuwa kimeshagawiwa: Kidoti angepanda wakati wa kwenda, na mtoto wa shangazi, Mheshimiwa, angepanda wakati wa kurudi. Mheshimiwa alipewa jina hilo kwa sababu alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, kama mtu anayekagua gwaride. Binamu hawa wawili waliishi nyumba moja, wakasoma darasa moja, na kwa kawaida walipatana.

Alhamisi jioni Kidoti alitoka dukani akakuta kioo cha pembeni cha pikipiki kimepasuka. Mheshimiwa alikuwa amesimama karibu, mpira uko chini ya mguu wake. Kabla Kidoti hajafungua mdomo, Shangazi alitoka ndani.

"Mama, ni Kidoti," Mheshimiwa alisema upesi. "Alikuwa anaifuta, akakiegemea kioo."

"Mwongo! Mimi ndiyo kwanza natoka dukani!"

"Kitambaa chako hiki hapa chini," Shangazi alisema.

"Nilikiacha tangu jana, Shangazi. Siyo mimi!"

Shangazi alitikisa kichwa. "Kioo nitanunua kingine kesho. Linaloniudhi ni kuvunja halafu kukataa. Jumamosi utapanda pikapu na baba yako."

Kidoti alilia mpaka kwikwi zikamshika. Machozi yalipokauka, kilichobaki kilikuwa hasira. Ingekuwa hasira tu, labda ingepoa. Lakini Ijumaa Mheshimiwa alipita uani na kofia ngumu kichwani, akasema, "Nitafika kwa bibi kabla yako. Nitamwambia mzigo unakuja nyuma, kitanda na wewe."

"Utakiona cha mtema kuni," Kidoti alijibu kimoyomoyo.

Usiku kucha alipanga. Begi la Mheshimiwa lingefungwa nyuma ya kiti kwa mikanda miwili. Ndani yake kulikuwa na viatu vipya na shati alilotaka kumringishia bibi. Mkanda mmoja ukilegea, begi lingedondoka njiani bila mtu kujua, na Mheshimiwa angewasili na nguo za mwilini tu. Kidoti alitabasamu gizani. Lo, utamu ulioje!

Shangazi alikuwa na utaratibu aliotoka nao chuoni kwake: dereva hakagui chombo chake peke yake. Yeye anauliza, mwingine anazunguka, anashika kwa mkono, anajibu. Jumamosi asubuhi, ingawa alikuwa amemwadhibu, kazi hiyo alimpa Kidoti, kwa kuwa hakuna aliyeijua pikipiki ile kama yeye.

"Matairi?"

"Sawa."

"Taa za nyuma?"

"Sawa."

Kidoti alifika kwenye begi. Alibonyeza kishikizo, mkanda wa kushoto ukalegea. Mheshimiwa alikuwa akihangaika na glavu, hakuona kitu.

"Mizigo?"

"Sawa," Kidoti alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Waliondoka. Mjini magari yalikuwa mengi, mwendo ulikuwa wa polepole. Walipofika barabara kuu, Shangazi aliongeza kasi, na pikipiki ikateleza kwenye lami kwa raha zake. Kidoti, ubavuni kwa baba yake, hakuangalia mashamba wala milima. Macho yake yalikuwa kwenye begi. Liliyumba kulia. Likayumba kushoto. Dondoka, alisema moyoni. Dondoka tukukanyage.

Begi halikudondoka. Kilichodondoka kilikuwa mkanda. Ncha yake ilichomoka, ikaning'inia, ikaanza kupepea karibu kabisa na gurudumu la nyuma.

Tabasamu lilimkauka Kidoti. "Baba, ule mkanda ukiingia kwenye tairi itakuwaje?"

Baba aliinua macho. "Mungu wangu! Gurudumu litakwama. Watarushwa!"

Alipiga honi. Shangazi alidhani kaka yake anamtania. Alipunga mkono, akaongeza mwendo.

"Siyo hivyo, Dada!" Baba alifoka, kama vile angesikika. Alikanyaga mafuta, kitanda kikagonga huku na huku nyuma. Kidoti alitoa kichwa dirishani akapiga kelele mpaka koo likauma. Mheshimiwa aligeuka, akamtolea ulimi. Mkanda uliruka, ukagusa tairi, ukaruka tena. Kidoti alifumba macho. Aliyafumbua pale Baba alipokuwa ameipita pikipiki na kupunguza mwendo mbele yake, mkono nje, akiashiria waegeshe.

Walisimama pembeni mwa barabara. Mkanda ulikuwa umeshaanza kujisokota kwenye ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu. Shangazi aliinama, akautoa, akautazama. Ulikuwa umechanika nusu. Aliukunja, akabaki nao mkononi.

Alimgeukia mwanawe. "Asubuhi nilikuona ukifungua begi."

"Nilichukua biskuti, Mama. Mkanda sikuugusa!"

"Nani aliugusa, basi? Mwenzako kakagua, kasema sawa."

"Naapa, Mama! Siyo mimi!"

"Ungetuua, halafu bado unakataa?"

Mheshimiwa alimtazama mjomba wake, akamtazama Kidoti. Hakuna aliyemwamini. Machozi yalimtoka, mabega yakamwanguka. Kisasi kilikuwa kimeiva, kimepakuliwa, na Kidoti alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Alinyamaza. Aliitafuta ile raha ya usiku asiipate, na mkanda uliochanika ulikuwa bado mkononi mwa Shangazi.

"Ni mimi, Shangazi." Kidoti alisogea mbele. "Niliulegeza mimi. Nilitaka begi lipotee. Kioo sikuvunja, ukaniadhibu bure, nikaona na yeye aumie."

Lori moja lilipita.

"Kioo nilivunja mimi," Mheshimiwa alisema huku anafuta kamasi. "Kwa mpira."

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa barabara, kofia ngumu mapajani. Alisema, "Kidoti, nilikuonea. Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Nisamehe. Ukionewa tena, nidai haki yako, hata kwa kelele. Lakini leo ulimtaka mmoja, ukakaribia kutupata wawili. Na uliponiambia sawa, mimi niliendesha kwa kulitegemea neno lako."

Kidoti alilia, safari hii bila kelele. "Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini nyuma yangu leo hapandi mtu. Pikapu inawatosha nyote."

Begi lilipakiwa pamoja na kitanda, na watoto wakabanana kando ya Baba. Pikapu ikaondoka nyuma ya pikipiki.

"Bado nimekukasirikia," Kidoti alisema.

"Hata mimi," Mheshimiwa alijibu. "Mimi nilikunyima kiti, wewe ulitaka kunivunja shingo."

"Sikujua kama ingekuwa hivyo."

"Wala mimi sikujua kama utalia hivyo."

Baba alicheka kidogo, macho yakiwa barabarani. "Kasirikianeni mpaka kwa bibi, ruhusa mnayo. Hasira ni ya watu wote. Kilichotaka kutuzikisha leo ni uongo, mmoja wa kioo na mwingine wa kuulipiza. Atakayeona ameonewa na aseme. Atakayekosa na akiri siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

Mbele yao pikipiki ilikuwa ikipanda mlima, kiti chake cha nyuma kitupu. Walikitazama wote wawili mpaka walipofika.