Beseni Nyuma ya Mlango

Siku ya kwanza ya likizo ya mumewe, Mama Kibogoyo alikosea jambo dogo sana. Aliujibu mlango.

Yalikuwa ni mazoea tu. Kwa miaka sita mumewe alioka mikate usiku kucha na kurudi nyumbani saa moja asubuhi, miguu myeupe kwa unga. Kila siku mkewe alimwekea maji ya uvuguvugu nyuma ya mlango wa jikoni, katika beseni lililochorwa ua jekundu chini. Akisikia kikohozi chake na bawaba ikilia, alisema bila kugeuka, mikono ikiwa kwenye vyombo, "Pita, baba, maji yako tayari." Mwoka mikate aliosha miguu, maji yakawa kama maziwa, ua likapotea, naye akaenda kulala.

Asubuhi hiyo aliliweka beseni bila kufikiri. Kikohozi kikasikika. Bawaba ikalia.

"Pita, baba, maji yako tayari."

"Nipite wapi tena?" mumewe akajibu kutoka sebuleni. Alikuwa amejilaza kwenye kochi na fulana yake, mguu mmoja juu ya meza, akicheza karata na binti yao. "Nimepewa siku kumi na nne tu, mke wangu, nawe unataka nitoke niingie upya?"

Binti akacheka. Baba yake ndiye aliyembandika jina la Kibogoyo meno mawili ya mbele yalipong'oka. Mama naye akacheka, mpaka alipokwenda kumwaga maji.

Ua halikuonekana. Maji yalikuwa meupe.

Alilisugua beseni kwa jivu na kulianika juani. Kesho yake hakuliweka. Saa moja ilipofika, kikohozi kilekile, bawaba ileile, kisha katika jiko lisilo na tone la maji akasikia mtu akiosha miguu taratibu, mmoja, halafu wa pili. Harufu ya mkate ikajaa, lakini ya mkate uliosahaulika tanuruni hadi ukaungua mpaka ndani.

"Unasikia?" alimnong'oneza mumewe.

"Nasikia mkate. Hata ndotoni naoka mikate, mama. Niache nipumzike." Akajikuna sikio, akageukia ukutani.

Siku ya tano Kibogoyo aligawa karata mafungu matatu.

"La tatu la nani?" mama akauliza.

"La baba wa jikoni. Hajui kucheza. Anakaa pale anamwangalia baba."

"Anamwangalia kwa nini?"

Mtoto akaweka mguu mmoja juu ya meza. Akajikuna sikio. Kisha akatoa kicheko kizito cha baba yake, kile cha kuanzia tumboni. "Anaiga hivi, mama. Kucheka ameshajua. Uso ndio bado unamshinda."

Mwoka mikate, aliyekuwa akisikiliza, aliteremsha mguu wake mezani polepole. Hakuurudisha tena.

Mganga alikuja mchana huohuo. Alikuwa bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuuliza mengi. Alilinusa beseni.

"Nani alimwambia apite?"

"Mimi, bibi. Nilidhani ni mume wangu. Sikugeuka."

"Basi utamtoa wewe, kwa kinywa hichohicho. Kutoka ni mara moja tu, mwanangu. Ukimkaribisha tena, mimi usiniite. Kuanzia leo usimwambie mtu apite kabla hujamwona uso."

Baba akampakata mtoto, akamziba masikio. Mama akalijaza beseni, na alipolishika maji yakaanza kuwa meupe mikononi mwake, akalibeba hadi mlangoni huku kikohozi kikimfuata nyuma ya shingo, karibu kiasi cha kusikia joto lake, na sauti ya mumewe ikimwambia masikioni kwamba amechoka, amefanya kazi usiku kucha, kwa nini amfukuze kwake, wakati mumewe mwenyewe amekaa mbele yake, midomo ameifumba. Akayamwaga maji nje. "Toka," alisema, sauti yake ndogo sana. "Wewe si wa humu."

Bawaba ikalia. Harufu ikaondoka.

Siku zilizobaki zilikuwa tamu. Baba aliacha ndevu ziote, akamfundisha Kibogoyo kuchanganya karata kwa mkono mmoja, akaipaka bawaba mafuta ili isimshtue mkewe tena. Jioni ya siku ya kumi na nne akavaa viatu vya kazi akaondoka.

Asubuhi mama aliweka beseni. Vyombo hakugusa. Alisimama akiukabili mlango, mikono mitupu.

Kikohozi. Mlango ukafunguka kimya.

Alimtazama vizuri: macho yale, ndevu zile za likizo, mkono ukipanda kulikuna sikio. Akashusha pumzi.

"Pita, baba, maji yako tayari."

Akapita, akaketi kwenye kigoda. Kibogoyo akamrukia mapajani, naye akacheka kile kicheko cha kuanzia tumboni, akatumbukiza miguu majini, akaisugua mmoja, halafu wa pili. Mama akainama achukue beseni.

Ua jekundu lilikuwa linaonekana lote, kila jani lake. Maji hayakuwa na hata chembe ya unga, kama ya miguu ya mtu aliye likizoni.

Nje geti likasukumwa. Kikohozi kichovu kikapanda ngazi, kikasimama mlangoni.

"Mama Kibogoyo," mumewe aliita kwa usingizi, "leo hunikaribishi?"

Yule aliyempakata mtoto akamkumbatia zaidi.

"Usimjibu," alinong'ona. "Hujamwona uso."