Nyumba ya Vipande Mia Tisa

Siku ya tatu tangu Fundi aanze kuunga ile meli, mkewe alirudi nyumbani kula chakula cha mchana akakuta tumbo la meli linatoka jasho.

Hakuna aliyekuwa ameimwagia maji, na gundi ilikuwa imeshakauka. Matone madogo yalikuwa yamejipanga juu ya plastiki ya kijivu kama yanavyojipanga kwenye paji la uso la mgonjwa. Mkewe huyo, Sista kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume kwa miaka ishirini na moja, na jasho la homa alilijua kwa pua. Aliinama akanusa. Lilikuwa lenyewe.

"Umeiosha hii meli?"

"Niioshe, kwani ni sahani?" Fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Wakacheka, wakala, Sista akarudi kazini. Lakini mchana kutwa alijikuta akijipangusa ncha ya pua.

Fundi alikuwa fundi saa. Moyo ulipomsumbua, daktari alimwamuru akae nyumbani miezi mitatu asiguse hata bisibisi. Kwa siku kumi alizunguka nyumba nzima akikagua vitasa na kumfundisha mkewe namna ya kukunja taulo. Wifi yake Sista, dada yake Fundi, ndiye aliyemwonea huruma akaleta lile boksi: meli ya kivita ya kuunga, vipande mia tisa, na kijitabu cha maelekezo. Alilipata mnadani, limeshafunguliwa. Mtu fulani alikuwa ameunga nusu ya tumbo la meli, kisha akaacha.

"Mpe kaka yangu kitu cha kushika," wifi alisema, "kabla hujamnyonga."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Fundi alikata vipande kwenye fremu zake kwa kiwembe, akavisugua kwa msasa, akavishika kwa kibano chake cha saa na kuvigusisha gundi kidogo tu. Mizinga ilipanda sitahani miwili miwili. Mkewe alipenda kumwangalia.

Wiki ya pili akaanza kuacha chakula. Sista alikuta sahani ya asubuhi mahali pale pale alipoiweka, chai imefanya utando. Fundi alisema ameshiba, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa. Macho yalikuwa mekundu. Nyumba nzima ilinuka homa, ingawa madirisha yalikuwa wazi, na kitu kingine kikaanza kumtatiza Sista, kidogo mno hata akaona haya kukitaja: kitana chake. Nywele zilizokuwa zikibaki kwenye meno ya kitana kila asubuhi hazikuwapo tena. Akirudi mchana anakikuta cheupe, kimesafishwa kama vifaa vya chumba cha upasuaji.

Alizikuta siku ya Alhamisi. Mlingoti wa mbele ulikuwa umeshasimamishwa, na kutoka kileleni zilishuka kamba nyembamba nyeusi hadi ukingoni mwa sitaha, zimefungwa kwa mafundo ambayo jicho halikuweza kuyahesabu. Kamba moja ilikuwa nyeupe. Sista aliinua mkono akajigusa juu ya sikio la kushoto, pale mvi zake zilipoanzia.

"Baba," alisema polepole, "hizi ni nywele zangu?"

Fundi alizitazama kamba. Akatazama vidole vyake. "Sijui," alisema. "Mke wangu, mimi sikumbuki kuzifunga."

Kesho yake Sista aliomba ruhusa akarudi nyumbani saa tano na nusu, jua likiwa kali, watoto wa jirani wakiruka kamba barabarani. Hakupita mlangoni. Alizunguka hadi dirisha la sebule, akachungulia kati ya pazia na ukuta, na alichokiona kilimfanya ashike nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, kwa sababu mumewe alikuwa amelala usingizi wa kukoroma kwenye kiti, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, macho yamefumbwa, na huku amelala hivyo mikono yake ilikuwa kazini, inachagua kipande, inakata, inasugua, inapuliza vumbi kwa kukipitisha mbele ya mdomo ule uliokuwa ukikoroma, inakibandika mahali pake, inarudi kuchukua kingine, haraka haraka, haraka kuliko Fundi alivyowahi kufanya kazi katika siku zake za uzima, na katikati ya mkoromo mmoja na mwingine ilitoka sauti isiyotikisa ulimi wake, sauti ya watu wengi wanaonong'ona pamoja kwa uchovu:

"Tumechoka kulala nje. Malizia. Tumechoka kulala nje."

Sista aliingia mbio akaikamata meli kwa nia ya kuivunja ukutani. Hakuwahi hata kuinua mkono. Nyuma yake Fundi alianguka kutoka kitini, midomo ya bluu, anashika kifua. Sista akaiweka meli mezani. Fundi akavuta pumzi. Sista akaigusa tena, kidogo tu, kwa kidole. Fundi akakwama pumzi.

Hapo akaelewa kwamba hili si la daktari.

Pale hospitali palikuwa na mama mmoja wa chumba cha kufulia, wote wakimwita Dobi. Wauguzi walijua, ingawa hawakusema kwa sauti, kwamba shuka zinazogoma kutakata hupelekwa kwake peke yake, na kuna vitanda havilaliki mpaka yeye avikalie kidogo. Sista alimfuata kati ya mapipa ya sabuni akamweleza kila kitu, akinong'ona.

"Mimi usiniite mganga," Dobi alisema akijifuta mikono. "Nina ajira hapa. Twende."

Alifika, akavua viatu, akaiinamia meli akabisha kwa kucha. "Hodi." Akatega sikio. Akabisha tena. Kisha akamgeukia Fundi, aliyekuwa amekaa akitazama ukuta, akambishia mgongoni kwa namna ile ile.

"Nani?" sauti nyingi zikauliza kutoka kifuani mwake.

Sista aliziba mdomo.

"Basi," Dobi alinong'ona, akimvuta hadi jikoni. "Ile meli ni nyumba yao, na bado tupu. Wenyewe wamepanga kwa mumeo. Aliyeanza kuiunga aliona mambo akakimbia. Watu hawa hawana pa kukaa, dada. Wanamfanyisha kazi kwa mikono yake mpaka wamalize kujenga."

"Na moyo wake?"

"Hautafika huko. Wao hawajui kupumzika."

"Nifanyeje?"

"Imalizie wewe. Mkono unaojenga hawauzuii, wanazuia unaovunja. Ikiisha, watahamia. Lakini kwanza ng'oa nywele zako zote mle melini. Zikibaki hata moja, siku wanahama utahama nao. Tafuta uzi mwingine, uzi wenye kazi ya kufunga."

Sista alifikiri. Kisha akaufungua mkoba wake wa kazini, akatoa pakiti za uzi wa kushonea vidonda, mweusi, mwembamba.

Dobi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huo huo."

Walimketisha Fundi kwenye kochi, Dobi akamshika mikono yote miwili iliyokuwa ikirukaruka kama samaki. Sista alivaa glavu, akachukua kibano. Aliikata kamba ya kwanza, akaivuta, akafunga uzi mahali pake. Ya pili. Ya tatu.

"Acha hizo," sauti zilisema kwa upole. "Ni nzuri. Zina joto."

Aliendelea kukata. Ya nne, ya tano.

Ndipo sauti zikabadilika zikaiga wafu wake, ikawa moja tu, dhaifu, ya mzee aliyefia kitanda namba sita mwaka juzi, na Sista aliijua papo hapo: "Sista, maji." Ikafuata ya kijana wa ajali ya pikipiki: "Sista, usiniache, nipigie simu mama," na nyingine, na nyingine, wodi nzima ya miaka ishirini na moja ikimwita kutoka kifuani mwa mume wake mwenyewe, kila mmoja kwa sauti yake na kwa kiu yake, huku machozi yakimdondoka juu ya glavu na mikono yake, iliyofundishwa kushona watu wakipiga kelele, ikiendelea fundo kwa fundo bila kutetemeka, mpaka akaufikia ule unywele mweupe, akauvuta taratibu, ukatoka mzima, na Dobi akaiachia mikono ya Fundi, iliyokuwa imetulia, akauwasha kwa kiberiti.

Kulibaki kipande kimoja, nanga, ndogo kama punje ya mchele; vingine vyote mikono ya Fundi ilikuwa imeshavimaliza. Sista aliigusisha gundi akaibandika.

Fundi alitoa pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua chake. Harufu ya homa ilipita usoni mwa Sista kama mtu anayepita mlangoni na mizigo, ikaelekea mezani. Meza ikalia kwa uzito.

"Wameingia," Dobi alisema. "Mpigie wifi yako. Alete gari."

Wifi alikuja na pikapu yake ya kubebea chakula cha kuku. Alimkuta kaka yake anakula ugali wa jana kwa mikono miwili huku analia. Alipoambiwa kisa, alikaa chini pale pale sakafuni.

"Na mimi nilitaka kumchukulia ndege ya kivita," alisema.

Iliwabidi waibebe meli watu watatu. Waliipeleka kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, shimo kubwa lililojaa maji ya kijani, wakaitua ukingoni, upande wa kivuli. Hakukuwa na upepo. Meli iliondoka yenyewe. Ilizunguka bwawa lote mara moja, bila haraka, kama mtu anayekagua ua wake mpya, na madirisha yake madogo ya mviringo, ambayo Fundi hakuyatoboa wala kuyapaka rangi, yakaanza kuwaka moja baada ya jingine. Kwa muda Sista alisikia milango ikifungwa, vyombo vikipangwa, na mtu akicheka kama aliyepumzika hatimaye. Aliona huruma, akashangaa kwamba anaona huruma. Kisha meli ikazama taratibu, taa zote zikiwaka, na maji hayakutoa hata povu.

Fundi alipona. Mwezi ulipoisha alikuwa ameshaanza kugombana na vitasa tena, na daktari akasema moyo unadunda vizuri.

Jumatatu moja Sista alirudi kula mchana. Fundi alikuwa ametoka kununua mkate. Nyumba ilikuwa na harufu ya sabuni tu. Alikwenda uani kuchota maji ya kunawa, akafunua pipa, akatumbukiza kata.

"Mama," sauti ikasema kutoka chini ya maji.

Ilikuwa moja tu, nyembamba, ya mtu asiyezidi miaka minne kwa hesabu ya watu.

Sista hakusogea.

"Nilikuwa nacheza nje," ile sauti ilisema, ikijikaza isilie. "Nimerudi, hawapo. Wamehama, wameniacha."

Mlango wa mbele ulifunguliwa, Fundi akaita kwamba mkate ni wa moto. Sista alisimama juani, mfuniko wa pipa mkononi. Alijua kabisa kwamba anapaswa kuufunga, na hakuna siku katika miaka ishirini na moja aliyowahi kumfungia mlango mtu anayelia, sembuse mtoto.

"Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Usije ukasikika."