Segula na Mashine ya Kusagia Nazi

Katika mtaa wetu, mjini Thane, asubuhi huanza kwa sauti ya mbuzi. Si mbuzi wa kulia mee. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Sisi Wayahudi hatuchanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo mchuzi wetu ni wa tui. Nyumba isiyo na nazi haina chakula.

Segula Wakrulkar alikuna nazi kuliko sisi sote. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kila Mwaka Mpya wetu ulipokaribia, alipika halua ya tui na kuiuza. Mume wake, Hayeem, baba wa binti yao Yael, alikuwa karani wa reli. Mama mkwe wake, Bi Mazaltov, alikuwa msimamizi wa kila kitu, ingawa hakuna aliyemteua.

Mwaka ule Segula aliagizwa halua kilo thelathini. Mabega yalikuwa yanamwuma. Akatoa akiba yake, akaenda dukani kwa Bwana Maganbhai, akanunua mashine ya umeme ya kusagia.

"Hii itasaga hata mawe," Maganbhai alimwambia.

Nazi ya kwanza ilisagika vizuri. Ya pili pia. Kwenye nazi ya tatu mashine ilinguruma, ikaruka, ikacheza juu ya meza kama bibi harusi. Kifuniko kikafyatuka. Nazi yote ikaenda kunata kwenye picha ya marehemu baba mkwe ukutani. Masharubu yake meusi yakawa meupe.

"Yarabi!" akapiga kelele Bi Mazaltov. "Mume wangu amezeeka akiwa kaburini!"

Segula akanyoosha mkono kuizima. Umeme ukamrusha hadi mlangoni. Mkono wake wa kulia ukafa ganzi mpaka jioni. Hatukucheka tena. Mashine ile ingeweza kuua mtu.

Kesho yake Segula aliibeba ndani ya boksi lake, akairudisha dukani. Maganbhai hakuinua hata macho.

"Mashine haina kosa, mama. Nazi zako ni ngumu."

"Uliniambia inasaga mawe!"

"Mawe, ndiyo. Nazi sikutaja. Halafu soma pale." Akaonyesha kibao ukutani: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI.

Segula akarudi nyumbani na boksi lake. Tukakusanyika wanawake sita kumsaidia kukuna nazi kwa mkono. Halua ikapatikana, lakini kilo kumi na mbili tu. Watu kumi na wanane waliokosa walimnunia hata kwenye sinagogi.

"Basi, tumwachie Mungu," alisema Hayeem.

"Mungu ana kazi nyingi," alijibu Segula. "Hii ya Maganbhai naifanya mwenyewe."

Chini ya nyumba yao aliishi Dada Kusum Barve. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini, sasa amestaafu. Segula akamweleza yote.

"Kile kibao ni mapambo tu," alisema Dada Kusum. "Hakishindi sheria. Mtu akikuuzia kitu kibovu, una haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa pesa. Risiti unayo?"

Segula akamwangalia Hayeem. Hayeem akaangalia dari. Wakapekua kabati, makopo na mifuko ya suruali. Risiti haikuonekana. Bi Mazaltov alikuwa amekaa na kitabu chake cha zaburi.

"Mama," aliuliza Segula polepole, "hicho kikaratasi kwenye zaburi yako ni nini?"

"Alama yangu. Karatasi nzuri, ngumu. Mlitaka nitumie nini, jani?"

Risiti ikapatikana kwenye zaburi ya ishirini na tatu. Bi Mazaltov hakukubali kuitoa mpaka alipopewa utepe mwekundu badala yake.

"Sasa andika barua," alisema Dada Kusum.

Segula akaandika kurasa nne. Dada Kusum akaanza kuzisoma, akavua miwani.

"Segula, babu yake Maganbhai anahusikaje na mashine?"

"Ndiye aliyemzaa baba yake."

"Mwache apumzike. Barua ya madai ni fupi. Taja tarehe uliyonunua, kitu gani, kimeharibikaje, na unataka nini. Mpe siku kumi na tano. Matusi hayana kazi, tena yatatumiwa kukushtaki wewe."

Barua ikabaki mistari minane. Segula alibaki na nakala. Barua yenyewe aliituma kwa rejista, akatunza stakabadhi ya posta.

"Na boksi la mashine usilitupe," alisema Dada Kusum. "Kila kitu ni ushahidi."

Siku kumi na tano zikapita. Maganbhai hakujibu. Ndipo Dada Kusum akampeleka Segula kwenye baraza la malalamiko ya wateja.

"Lakini sina wakili," alisema Segula.

"Hapa huhitaji. Mteja anaweza kujisemea mwenyewe."

Hayeem aliposikia, akasahau kutafuna. "Mama Yael, wewe ukasimame mbele ya majaji? Ukasema nini?"

"Yaliyotokea. Kwani wewe unadhani wanasemaga nini kule?"

Baraza likapanga shauri siku ya Jumamosi. Jumamosi ni Sabato yetu, hatufanyi kazi. Maganbhai alifurahi, akiamini Segula hatatokea na shauri litafutwa. Lakini Dada Kusum alisema, "Usikae kimya. Omba mapema, kwa maandishi." Segula akaomba. Shauri likahamishiwa Jumanne.

Jumanne Maganbhai alikuja na wakili mrefu mwenye koti jeusi. Segula alikuja na boksi, na nusu ya mtaa nyuma yake. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mwenye uso mkavu.

Wakili akasimama. "Bibi, wewe ni mtaalamu wa umeme?"

"Hapana, bwana. Lakini umeme uliponirusha haukuniuliza cheti."

Tukacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mheshimiwa," wakili akaendelea, "bibi huyu aliitumia mashine vibaya. Mashine hii si ya nazi kabisa. Ni ya viungo laini."

Segula akainama. Akanyanyua boksi, akaligeuza upande wa pili. Pale palikuwa na picha kubwa ya rangi. Mwanamke anatabasamu, na mbele yake nazi iliyopasuliwa.

"Na hii, bwana wakili, ni nini?" aliuliza. "Kofia?"

Hata mwenyekiti aliinamisha uso kwenye makaratasi yake, na mabega yakamtikisika. Maganbhai akamkonyeza wakili. Wakili akaiangalia ile nazi kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba igeuke ndizi.

Uamuzi ukatoka mwezi uliofuata. Maganbhai aliamriwa kurudisha bei yote na kulipa fidia kwa mkono ulioumia na halua iliyokosekana. Wiki ileile kibao chake kikatoweka ukutani.

Tangu siku ile mlango wa Segula haukufungwa. Mmoja alileta feni isiyozunguka. Mwingine alileta viatu vyote vya mguu wa kushoto. Segula aliwaandikia barua fupi za adabu. Wengi walilipwa kabla ya kufika barazani. Lakini siku moja mama mjane aliomba amsimamie katika mahakama ya kweli, Segula akashindwa.

"Barazani ulijisemea mwenyewe," alieleza Dada Kusum. "Mahakamani, kumsemea mtu mwingine ni kazi ya wakili. Wewe una digrii, sivyo?"

Digrii alikuwa nayo. Aliipata mwaka uleule alioolewa. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku, kimekunjwa kwenye mashuka ya wageni.

"Nataka kusomea sheria," alisema mezani. "Masomo ni asubuhi, miaka mitatu."

Bi Mazaltov akaweka kijiko chini. "Miaka arobaini na minne! Wenzio wanangoja wajukuu."

"Nitawangoja nikiwa darasani, Mama."

Siku ya kwanza alipoingia darasani, wanafunzi wote wakasimama wakidhani ni mwalimu. "Kaeni, wanangu," alisema, kisha akaenda kukaa nao. Mwalimu halisi alipofika, hakuna aliyesimama.

Nyumbani Hayeem alijifunza kupika. Wali wake wa kwanza ulikatwa kwa kisu. Wa kumi ulilika. Bi Mazaltov alimlaumu kila siku na kula sahani mbili.

Mwaka wa pili Segula alianguka mtihani wa mikataba. Alijifungia chumbani akalia. Bi Mazaltov akagonga mlango.

"Toka huko. Mimi namfundisha mwanangu kukunja shuka mwaka wa hamsini huu. Nimekata tamaa?"

Segula akatoka. Akarudia mtihani, akapita. Alipokuwa na miaka arobaini na saba, akavaa koti jeusi la wakili.

Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya Parvati, mjane mwingine, muuza maua. Mwenye nyumba alimkatia maji ili ahame. Segula alimweleza hakimu kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kumkatia mpangaji maji ili kumfukuza. Alitoa picha za bomba kavu na majina ya majirani walioona. Wakili wa upande wa pili alibisha. Segula akamjibu. Akabisha tena, akamjibu tena, bila kupandisha sauti.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mwanasheria, una muda gani katika kazi hii?"

"Siku kumi na moja, Mheshimiwa."

"Unabishana kama mtu wa miaka mingi."

"Kubishana ni miaka ishirini na sita, Mheshimiwa. Nimeolewa."

Kwenye benchi la nyuma Hayeem akatikisa kichwa kwa nguvu, kukubali.

"Na yule anayetikisa kichwa ni nani?"

"Ni shahidi, Mheshimiwa."

Mahakama nzima ikacheka. Hakimu akasubiri kicheko kitulie, kisha akaandika amri. Maji yarudishwe mara moja, na Parvati asibughudhiwe.

Alhamisi asubuhi bomba la Parvati lilikohoa, likatema kutu, kisha likamwaga maji safi. Parvati hakuamini. Alijaza ndoo, sufuria, birika na hata vikombe vya chai. Alipokosa chombo kingine, akakaa kitako pale bombani, akanawa uso, akacheka.