Kavira wa Kwenye Liste

Kuku mwenyewe alikuwa wa hovyo. Tuanze hapo, maana watu wakisikia habari hii wanafikiri ni kuku mweusi ti, macho ya moto, anayetaga mayai yenye maandishi. Hapana. Alikuwa tetea mwekundu, shingo imenyonyoka, anatembea kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Keren, binti wa miaka saba, alimbeba kifuani toka njia ya Mambasa mpaka Beni, ndani ya kitambaa cha kikwembe, wakati vita vinawafukuza kwa nyuma. Askari wa vizuizi vitatu, watu wanaosikia harufu ya kuku angali ndani ya yai, hawakumuona. Muujiza wake ulikuwa huo tu.

Baba yake Keren, Ézéchias, hakuamini miujiza. Alikuwa fundi wa radio, na kwake dunia ilikuwa na makundi mawili: wanaojua transista ni nini, na wapumbavu. Kundi la kwanza lilikuwa na mtu mmoja. Aliwadharau askari kwa kutojua kusoma, akawadharau mapadri kwa kujua kusoma tu. Nyumba ya mtaa wa Mulekera waliyofikia, ya mjane mmoja mzee aitwaye Kanyere, aliyewafungulia mlango bila hata kuwauliza wametoka wapi, yeye aliiita kibiriti. Mjane huyo watoto wote walimwita mukaka, ndiyo bibi, na Ézéchias naye alimwita hivyo, ila kwa pua.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mwaka 2003, jua limetulia juu ya mihogo, kanisa la jirani likaanza kuandikisha wakimbizi wapewe unga na maharagi. Katibu wa liste, orodha ya wakimbizi, alikuwa Luc, bwana wa kalamu tatu mfukoni na wino katika moja.

"Batoto bangapi, papa?"

"Babili," akasema Ézéchias. "Masika Keren. Na Kavira."

Luc akaandika bila kuinua kichwa.

Sasa, kwa Wanande, kabila lao, jina la kuzaliwa halichaguliwi sokoni. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavuo. Jina linamngoja mtoto kama kiti. Ézéchias na mke wake Orpa walikuwa na msichana mmoja tu, na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Ézéchias akamkalisha kuku.

Alirudi nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

"Mama Keren, tumezaa," akamwambia Orpa. "Mutoto wa pili. Anakula wadudu, haombe viatu."

Orpa hakucheka, lakini unga hakuukataa.

Tatizo likaja na tangazo: baada ya wiki mbili, verification. Kila mtoto asimame mbele ya katibu, aitwe, aitike. Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi. Fundi wa radio akatafuta ufundi. Keren ataitika jina lake, atapita nyuma ya kanisa, atabadili gauni, avae robe ya bluu, atarudi kuitika la pili. Kila asubuhi akamfanyisha mazoezi uani.

"Kavira!"

Mtoto alikuwa anamtazama kuku.

"Niko naita weye. Kavira!"

"Présente," akasema Keren, yaani nipo, kwa sauti ya kuazima.

Siku ya nne aliitika vizuri, bila kusita. Siku ileile kuku akaanza kuugua.

Alipinda shingo nyuma mpaka jicho likatazama mbingu. Mabawa yakaburuta chini, mavi yakawa ya kijani. Keren akamlaza ndani ya kitunga chenye majani makavu ya migomba, akamchemshia uji mwepesi, akawa anamdondoshea mdomoni kwa unyoya, tone kwa tone, kama anayejaza chupa ya manukato. Mukaka Kanyere akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa kidonge kimoja cha tétra, kati ya viwili alivyojiwekea mwenyewe kwa homa.

"Tétra ya batu, kwa kuku?" Ézéchias akauliza. "Kesho mutamutundikia chupa ya serum. Kesho kutwa padri aje amupake mafuta."

"Tumukate basi, mbele akufe bure," akasema Orpa. "Akijifia, nyama inapotea."

"Papa, hapana kumukata," akasema Keren. "Atapona."

"Tutamukata nyuma ya verification," baba akatoa hukumu. "Mbele ya hapo eko raia ya Congo, eko na haki zake."

Akacheka mwenyewe. Mukaka alimngoja amalize, akamvuta kando karibu na jiwe la kufulia.

"Huyu kuku munamuita nani?"

"Kavira. Ni ya liste tu, mukaka."

"Jina ya mutu inakaa kwa mutu. Ukiiandika bure, inatafuta mwili." Alinong'ona, macho yake yako kwenye kitunga. "Enda ku Luc akamutoshe ku liste, mbele kuku akufe. Akikufa na jina, hatakufa peke yake. Weye mwenyewe unafundisha mutoto wako kuitika."

Ézéchias alimwangalia kama unavyoangalia mbuzi aliyesimama katikati ya barabara.

"Niende kusema kwa Luc, ule wa kalamu tatu, kama mutoto wangu njo kuku? Mimi? Hapana, mukaka."

Mwanamke yule hakubishana. Alisema tu, "Bon," akaanza kufua. Tangu hapo Keren akawa anasema kwa shida. Maneno yalipungua siku hata siku. Asubuhi ya verification baba yake alimwita mara tatu, "Keren," naye akaendelea kuchora chini kwa kidole. Akamwita, "Kavira." Aligeuka mbio. Aligeuza shingo tu. Mabega yalibaki palepale.

Walikwenda wawili, Orpa akabaki na mgonjwa wa kitunga. Jua lilikuwa kichwani. Watu wamejaa mbele ya kanisa, Ézéchias anawapita mmoja mmoja kwa dharau yake ya kila siku: huyu ameazima mjukuu, yule ameleta mtoto wa jirani, wezi wasio na akili. Robe ya bluu ilikuwa ndani ya mfuko begani. Mkono wa Keren ulikuwa ndani ya mkono wake. Ulikuwa mwepesi. Mwepesi sana.

Luc akafika jina lao.

"Masika Keren."

Keren akafungua mdomo. Haikutoka sauti.

"Masika Keren. Eko wapi?"

"Si huyu hapa," akasema Ézéchias, akimsukuma mbele.

Luc akatazama chini. Kisha akakunja uso.

"Papa, mimi si mutu ya kucheka naye. Batu banateseka hapa. Weye unaniletea kuku?"

Nyuma yao mstari mzima ukaangua kicheko. Ézéchias akamtazama binti yake: vidole vitano, nywele zilizosukwa na mama yake juzi, jino la mbele linalotikisika. Akainama, akambeba. Kicheko kikazidi.

"Kavira," Luc akaita.

"Présente."

Sauti ilitoka nyuma ya bega lake. Msichana mdogo alikuwa amesimama peke yake, miguu haina vumbi, pua ya Orpa, kidevu cha Orpa. Amevaa robe ya bluu. Ézéchias akapapasa mfuko begani. Mtupu.

Luc akatia alama. Kwenye mstari wa Keren akapiga mstari mrefu, akauliza ni nani anafuata.

Ézéchias alirudi kwa mguu. Alipita kwenye njia ndogo za nyuma, mtoto kifuani, na kila aliyekutana naye alimwuliza anauza kuku bei gani. Shingo ya Keren ilikuwa imepinda. Jicho lake lilitazama mbingu.

Mlangoni alimkuta Orpa na kisu. Maji yalikuwa yanachemka. Kitunga kilikuwa kitupu, na ndani ya nyumba msichana wa robe ya bluu alikuwa ameshafika kabla yao, anakula bugali kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Kumbe njo weye ulimubeba," akasema Orpa. "Leta nimukate. Unaona anajifia."

"Mama Keren. Angalia muzuri. Angalia."

Mke wake akamtazama kwa huruma. Yule mwanamke aliyezaa mara moja maishani mwake, kwa uchungu wa siku mbili.

"Keren njo nani, Papa Kavira?"

Hapo ndipo fundi alipojua kwamba mbele ya dunia nzima alikuwa amebaki yeye tu wa kumuona Keren. Akakimbilia kibanda cha jiko, akafunga mlango kwa kamba. Akatandika majani ya migomba. Akaomba tétra kwa mukaka Kanyere, kupitia ufa wa ukuta, kwa sauti isiyopitia puani tena.

"Weye unamuona?" akamwuliza. "Unamuona mutoto?"

"Naona kuku," akasema mukaka. "Lakini weye ni baba. Kamata." Akampitishia kidonge cha mwisho.

Siku tano alimuuguza. Alimdondoshea uji kwa unyoya, tone kwa tone. Alimpangusa. Alimwimbia nyimbo za shule, yeye ambaye walimu wote aliwaita kasuku. Nje, watu walipanga mstari kuchungulia. Walimwuliza kama mgonjwa anapenda soda. Walimwuliza atabatizwa lini. Wapumbavu walikuwa wengi, na kwa mara ya kwanza walikuwa wamekubaliana.

Siku ya tano Keren akanyoosha shingo. Akasema, kwa shida, "Papa."

Ézéchias akaelewa kwamba dawa imefanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe: liste. Shemeji yake, Kavuo, mdogo wa Orpa, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Butembo na gari la mihogo. Akamwachia kibanda. "Hapana kuacha mutu aguse," akamwambia. Kavuo akaitika ndiyo, kama unavyomwitikia mgonjwa.

Alimkuta Luc mbele ya kanisa. Akapiga magoti mchangani, watu wote wanaona.

"Nilidanganya. Kavira hayuko. Sikuzaa mutoto wa pili. Niliandika kuku. Mimi, Ézéchias, niliandika kuku. Mutoshe."

Luc akatoa kalamu yenye wino. Labda alimhurumia. Labda alichoka tu. Akavuta liste, akafuta jina kwa mstari mmoja, juu yake akaandika Masika Keren upya.

Ézéchias alikimbia.

Nyumba ilikuwa kimya. Robe ya bluu ilikuwa chini sakafuni, imelala kwa umbo la mtu, vifungo vyote vimefungwa. Hakuna mtoto ndani yake. Hakuna mtoto chumbani. Hakuna mtoto uani. Orpa alikuwa amekaa mbele ya moto, manyoya mekundu yamemganda vidoleni.

"Nilisema nikusaidie," akanong'ona. "Batu banakucheka sana. Nilisema nimukate mbele akufe bure. Njo nilimukata. Halafu nikakumbuka."

Akafungua mdomo kumwita mume wake. "Papa," akaanza. Neno likamkatikia hapo. Halikuwa na jina la kumalizia.

Kavuo alikuwa amekwenda kisimani, dakika kumi tu. Ni yeye aliyesimulia haya yote, sasa anakaa Butembo, upande wa Rughenda, na hacheki akisimulia. Anasema mchuzi wa kuku yule haukuonjwa. Alitoa sufuria nje amwage nyuma ya kibanda, akaukoroga kwanza kwa mwiko, bila kujua kwa nini. Kitu kikagonga. Akadhani ni jiwe.

Alikiosha kwa maji ya kisimani, akakifunga kwenye kipande cha kikwembe, na mpaka leo anacho. Ni jino. Dogo, jeupe, la mbele, la mtoto anayeanza kubadilisha meno.