Upande wa Pili wa Koo

Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulipokwisha, santuri ilisema, "Geuza."

Ilisema taratibu, kama mtu aliyesimama nyuma ya kochi. Koo, aliyekuwa amejilaza hapo akisubiri chakula cha mchana, alijibu "haya," akainuka, akaigeuza. Mkewe alikuwa mshonaji na karakana yake ilikuwa kona ya sebule hiyohiyo. Aliondoa mguu kwenye cherehani akamtazama. Akadhani ni mbwembwe za kampuni iliyoitoa santuri, maana watu wa muziki hawaishiwi vituko.

Hilo neno "haya" ndilo lilikuwa tabia nzima ya Koo. Ukimwambia mvua inakuja, haya. Ukimwambia bomba la jikoni linavuja tangu juzi, haya, na bomba likaendelea kuvuja. Mshonaji alizoea kumtania kwamba siku mtoa roho akibisha hodi, atajibiwa haya kabla hajaeleza shida yake. Koo alicheka, akasema haya.

Alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iliyowahi kuvuma, kisha ikapoa kama chai iliyosahauliwa. Enzi zao, wimbo waliotegemea upendwe uliwekwa mbele ya santuri, na nyuma waliweka chochote kilichorekodiwa harakaharaka, mradi mgongo usibaki mtupu. Sasa kampuni ilikuwa imezikusanya nyimbo hizo za mgongoni zikawa albamu. Iliyokuwa ikizunguka pale sebuleni ilikuwa nakala ya kwanza kabisa, imeletwa waisikilize kabla ya nyingine kuchapwa.

Upande wa pili nao ukaisha. "Geuza," ikasema tena.

"Haya," akasema Koo, macho amefumba.

Ila sasa hapakuwa na cha kugeuza. Nyimbo zote zilikuwa zimekwisha. Mshonaji alingoja mumewe ainuke, hakuinuka. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita sebuleni, naye akainama upesi kugusa mota ya cherehani. Ilikuwa baridi. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa ameketi wima, anamtabasamia, akamwambia chakula kinanukia vizuri. Akala, akaosha vyombo, kisha akalikaza bomba lililokuwa likivuja.

Mke gani atakwenda kulalamika kwa jirani kwamba mumewe ametengeneza bomba? Mshonaji alinyamaza, na siku zile alikuwa na furaha, tuseme ukweli.

Albamu ilipotoka, watu walichizika. Kulikuwa na mchambuzi mmoja wa magazeti, mwenye kalamu ya sumu, aliyewahi kuzizika bendi nyingi zikiwa bado zinapumua. Huyo naye aliandika kwamba kumbe miaka yote bendi hii ilikuwa imetuonyesha kisogo na kuuficha uso. Redio zikazicheza nyimbo za mgongoni mpaka madereva wakazijua kwa moyo. Kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa kati ya wimbo na wimbo, pale ambapo santuri hukwaruza tu: sauti ya mwanamume, mbali, kama anayelia chumba cha pili. Wachambuzi waliiita maumivu halisi. Fundi mitambo wa kampuni aliapa hakuiweka yeye. Wakamsifu kwa unyenyekevu.

Bendi ikaitwa tena majukwaani, na Koo alihitaji koti jipya. Mshonaji akachukua futi yake kumpima. Mwili ule aliujua. Tangu ujana bega la kulia lilikuwa limeshuka kidogo, na kila koti alilomshonea aliliongezea pamba upande huo. Akapima. Bega la kulia lilikuwa juu, lililoshuka lilikuwa la kushoto. Akapima upya, akatazama kovu la kidevu alilolizoea kulibusu upande mmoja akalikuta limehamia upande mwingine, kama mtu aliyetoka ndani ya kioo na kukiacha nyuma yake kitupu.

"Kuna shida?" akauliza yule mwanamume, kwa upole.

Alisema hakuna, pini zimemchoma tu.

Yule mwanamume alipotoka kwenda mazoezini, Mshonaji aliishusha santuri kabatini. Aliisikiliza akiwa amepiga magoti, sikio kwenye kitambaa cha spika, na wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili, na katika ule ukwaruzaji wa katikati, ambao nchi nzima ilikuwa ikiusifia, akaisikia sauti iliyowahi kumwomba chumvi, kumwomba msamaha, kumwomba asogee kidogo kitandani, ikisema kwa shida, neno moja moja, kama mtu anayekanyagwa:

"Mama wee, izime. Sindano inapita juu yangu."

Akaichomoa gramafoni kwenye umeme kwa pupa hata akaangusha kibao cha kukatia vitambaa.

Alikimbilia kwa Nyuzi, mpiga gitaa wa bendi, rafiki wa Koo tangu wakiwa hawana hata ndevu. Alimweleza yote huku anakohoa kwa machozi. Nyuzi hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba zile nyimbo walizirekodi kwenye chumba kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, na kila zikichezwa kulikuwa na sauti ya ziada kwenye kiitikio. Walidhani ni mwangwi. Baadaye wakajua si mwangwi, maana mwangwi haujui maneno kabla hayajaimbwa. Wakaamua nyimbo zenye sauti hiyo zikae nyuma, ambako watu hawasikilizi.

"Basi nisaidieni tumrudishe," akasema Mshonaji.

Nyuzi alikaza uzi wa gitaa, akaulegeza, akaukaza tena. "Shemeji, sikia. Hata kama si yeye, anaimba vizuri kuliko yeye."

Mshonaji alitoka hata viatu hajavivaa sawasawa.

Mganga aliyeelekezwa kwake alikuwa mama mzee mwenye miwani, anayeishi juu ya duka la fundi viatu. Hakutaka santuri ichezwe. Aliilaza mapajani, akapitisha kidole mistarini polepole, kisha akakiondoa ghafla na kukinyonya kama aliyeungua.

"Yumo," akasema. "Na si katika hii tu, mwanangu. Yumo katika zote. Popote inapochezwa, anapitiwa."

"Mtoe, bibi. Wewe ndiye mganga."

"Jini aliyeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu. Huyu aliomba, akakubaliwa. Hawezi kutoka mpaka naye aombwe, akubali." Akamrudishia santuri kwa mikono miwili. "Kamwombe. La sivyo, omba watu waichoke. Isipochezwa, mumeo atapumzika."

Akaenda kumwomba. Yule kiumbe alikuwa mezani anakata ukurasa wa gazeti wenye sifa za albamu. Mshonaji alimpigia magoti, akamwita bwana mkubwa, akamwomba kwa kila neno analolijua amrudishe mumewe. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mkasi mkononi.

"Niliwaitikia miaka yote, mkanilaza kifudifudi," akasema. "Hakuna aliyeniuliza jina. Mumeo nilimwomba mara mbili, na mara mbili akasema haya." Akaendelea kukata gazeti. "Mimi nasema hapana. Koti litakuwa tayari lini?"

Kuanzia hapo Mshonaji aliishi kwa kuiombea albamu ife. Alipiga simu redioni akasema ni mbaya, mtangazaji akacheka, akamchezea wimbo. Alimwandikia yule mwenye kalamu ya sumu, akimsihi abadili mawazo, akajibiwa kwamba wake wa wasanii ndio huwa wa mwisho kuelewa. Kisha ikatangazwa albamu bora ya mwaka, kampuni ikachapa toleo jipya, na kwa heshima ya mashabiki ile sauti ya katikati ikaongezwa nguvu. Aliisikia dirishani kwa jirani, saluni, kwenye duka la vifungo. Siku moja kijana na mchumba wake walikuwa wameegemeana mlangoni mwa duka, wanaisikiliza, na yule binti akasema laiti naye angependwa na mtu anayelia hivyo. Mshonaji aliyabana masikio yake kwa viganja katikati ya barabara, magari yakampigia honi.

Lakini watu huchoka, na mwishowe walichoka. Bendi nyingine zikaja na kelele zao, redio zikahama, yule kiumbe akahamia mji mwingine na koti lake ili aanze albamu mpya. Santuri zikaanza kuonekana kwenye mafungu ya mitumba, kisha zikakoma hata huko. Mganga aligusa ile ya Mshonaji akasema ni baridi, amelala, mwache alale. Mshonaji alilia kwa kushukuru, akaifunga kwa kipande cha hariri, akaiweka chini ya vitambaa vyote.

Nyumba ikanyamaza. Alishona. Alikula peke yake, akamsimulia mtu asiyekuwepo kwamba mvua inakuja. Hamu ya mumewe ilimshika kwanza usiku, kisha na mchana, hadi ikawa haimwachi ashone hata upindo.

Mchana mmoja akaifungua hariri. Alijiambia ni kidogo tu, pale katikati tu, amsikie kisha azime. Akaishusha sindano kwa mkono mwepesi kadiri alivyoweza.

Kulikuwa na ukwaruzo, kisha ukelele wa mtu aliyeamshwa kwa moto, kisha pumzi.

"Nani tena?" ikauliza sauti ya Koo. "Walikuwa wameacha. Nani anacheza?"

Mshonaji akajiziba mdomo asije akajibu. Santuri ikaendelea kuzunguka, naye akaiacha.